Mzoefu Naye Afundishwe

Tumaini, dada aliyekabidhiwa kazi yangu pale kiwanda cha mbao Makambako, alinipigia simu juma la kwanza tu baada ya mimi kustaafu. Hakuuliza funguo za stoo ziko wapi, ingawa nilijua alikuwa bado anazitafuta. Aliuliza, "Mama Mgaya, hivi wewe ulikuwa unajuaje nani afundishwe na nani aachwe afanye kazi?" Nikamwambia asubiri nimalize kupalilia viazi. Viazi vimeshapaliliwa na jibu limekuwa refu kuliko simu, kwa hiyo naliandika, na wenzake nao walisome wakitaka.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Nitaandika niliyoyaona.

Nilianza kazi Njombe, Alhaji Shabani alipokuwa na kiwanda kidogo tu cha kupasua misonobari. Alhaji si mtu wa kwetu. Alitoka Kondoa akiwa utingo wa lori, akapata lori lake, kisha mengine, na mwisho akaona ni upuuzi kubeba mbao za watu wakati miti imejaa kila kilima. Nilifika asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ile inayomfanya mtu aongee kwa meno, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani kwa sababu nilidhani kiwandani ni kama ofisini. Msimamizi wa akina mama wapanga mbao, Mama Mligo, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaishia kwenye viatu.

"Kamwene," akanisalimia Kibena. "Unaenda kubatizwa?"

"Nimekuja kazini, Mama."

"Haya. Shika ubao huu."

Nikaushika. Akaniambia niuweke chini. Akaniambia niushike tena, nikaushika vilevile, akasema hapo nimeshapoteza kucha mbili, ni vile tu hazijaniambia. Juma zima alinifundisha kunyanyua ubao, kusimama upande ambao mrundo hauwezi kuniangukia, na kupanga mbao mbichi zikauke bila kupinda. Kati ya safu na safu tunaweka vijiti ili upepo upite. Kijiti hukaa juu ya kijiti, kuanzia chini hadi juu, kama uti wa mgongo. Ukikosea kimoja, ubao unajikunja kama mkia wa mbwa na mnunuzi anacheka.

Zamani nilidhani Mama Mligo alinifundisha vile kwa huruma. Baadaye nilielewa kwamba alinifundisha kwa sababu ujinga wangu ulikuwa unaonekana kwa macho. Nilikuwa nimeuvaa miguuni. Mtu wa namna hiyo hakuna anayemsahau.

Pale Njombe ndipo nilipomkuta Mgaya, mnoaji wa misumeno. Chumba chake kilikuwa na joto kuliko vyote, na sitadanganya, mara ya kwanza nilifuata joto. Alikuwa akigonga msumeno kwa ufunguo, ting, anausikiliza, halafu anaukunja uso wake kama daktari. "Huu unaimba," alisema. "Ule pale unalalamika. Sikiliza." Sikusikia tofauti yoyote. Nikasema sisikii. Alifurahi sana, maana wengine wote walikuwa wakiitikia kwa kichwa wakisema ndiyo, ndiyo, kumbe hawasikii. Akanigongea tena na tena mpaka nikasikia. Baada ya muda alinioa, au mimi nilimwoa, ilitegemea siku hiyo nani anasimulia. Alifariki miaka michache kabla sijastaafu. Nitamtaja inapobidi tu. Waliomjua watajaza wenyewe.

Kiwanda kilipokua, Alhaji alikihamishia Makambako, karibu na barabara kuu, malori yakipita usiku na mchana na upepo ukikausha mbao bure. Tukahama nacho. Hapo ndipo nilipopewa usimamizi wa uwanja, na mambo ya nani afundishwe yakaanza kuletwa mezani kwangu. Meza ilikuwa mabanzi mawili juu ya matofali, lakini tuliiita meza.

Kwanza niseme kuhusu semina, maana ndiyo iliyotuharibia jina. Mwaka mmoja Alhaji alishauriwa na rafiki zake kwamba mwajiri wa kisasa huwapa wafanyakazi mafunzo. Akakodi ukumbi kule Njombe, akaita mwezeshaji kutoka mbali, tukapelekwa kwa basi tukiwa tumevaa vizuri. Tulikula pilau, tukanywa soda, tukapewa vyeti vyenye majina yetu, la kwangu likiwa limekosewa. Mwezeshaji alikuwa kijana mzuri, mcheshi, anaongea kama redio. Alitufundisha uongozi na mabadiliko. Kwa bahati mbaya hakuna aliyekuwa amemwambia tunafanya kazi gani, kwa hiyo mifano yake yote ilikuwa ya benki. Tulimpigia makofi kwa moyo mmoja. Kesho yake tukarudi kwenye magogo, na hakuna ubao hata mmoja uliojua kwamba tumebadilika.

Alhaji alipopitia uwanjani juma lile akauliza, "Mmejifunza nini?"

Mgaya akamjibu, "Alhaji, pilau ya Njombe wanatia nyama nyingi."

Toka siku hiyo Alhaji akawa na neno lake: "Semina nimekoma." Ukimwambia jambo lolote lenye harufu ya mafunzo, anainua kidole: semina nimekoma.

Lakini kuna upande wa pili wa kosa hilohilo. Mwaka mwingine, wakati wa baridi, mbao zilianza kupinda vibaya. Alhaji, aliyekoma semina, safari hii ndiye aliyesema, "Hawa akina mama wamesahau kupanga. Mama Mgaya, wafundishe upya." Nikaenda uwanjani asubuhi, mapema kuliko kawaida yangu. Nikawakuta wamezunguka moto mzuri kabisa, mikono imenyooshwa, na Dada Edina, aliyekuwa hodari kuliko wote, akitia kuni.

"Edina," nikasema, "hivyo si vijiti vyetu vya kupangia?"

Akakitazama alichoshika kama ndiyo kwanza anakiona. "Vilikuwa, Mama."

Vijiti vilivyonyooka na kukauka ndivyo vinavyowaka vizuri. Walikuwa wakichoma vile vizuri na kupangia vile vibovu. Nikamwambia Edina anionyeshe jinsi ya kupanga, na akanipangia safu safi kuliko zangu, huku anatetemeka. Nikarudi kwa Alhaji.

"Wamefundishika?" akauliza.

"Wanajua kuliko mimi. Wanasikia baridi. Nunua mkaa."

"Mkaa! Mimi nauza mbao, ninunue mkaa?"

"Au waendelee kuota mbao zako."

Akanunua mkaa, na baadaye akaongeza uji kwa hiari yake. Mbao zikanyooka. Kuanzia hapo nikawa na kipimo kimoja. Kazi ikiharibika, namwita mhusika aifanye mbele yangu, bila hasira. Akiweza, basi tatizo si ujuzi, na kumfundisha ni kumtukana. Asipoweza, kosa ni letu tuliomweka pale. Kipimo hicho kilinisaidia miaka mingi. Halafu akaja Sanga, nikagundua kina tundu.

Sanga alikuwa Mkinga wa Makete, kutoka kijiji kilicho jirani na Bulongwa. Alikuwa amepasua mbao porini kwa ile mashine ndogo ya kuhamahama tunayoiita dingdong tangu hajaota ndevu. Alhaji alifurahi kumpata kwa sababu msukumaji wetu wa zamani alikuwa ameondoka, na oda zilikuwa nyingi. Msukumaji ndiye anayekaa kwenye mkono wa toroli na kulipeleka gogo kwenye msumeno. Upande wa pili wa msumeno anasimama mpokeaji, anayeshika ubao unapotoka. Mpokeaji wetu alikuwa Haule, Mpangwa wa Ludewa, mtu wa Manda kule ziwani, anayependa kusema kwamba sisi wa milimani tunaoga kwa kalenda.

Sanga alifika asubuhi akiwa na mfuko wake na kofia ya sufu. Alhaji akamshika bega. "Huyu hana haja ya kufundishwa. Huyu amezaliwa juu ya gogo." Na kweli, saa ile ile akapewa mkono wa toroli, akafanya kazi safi kabisa. Nilimtazama kwa kipimo changu: anaweza. Nikaenda zangu kwenye mirundo.

Kwenye mashine hakuna anayesikia sauti. Watu huongea kwa mikono. Mambo mengi Sanga na Haule walielewana bila shida, maana ubao ukiwa unatoka vizuri hakuna cha kusemeshana. Juma likapita.

Siku ile kulikuwa na gogo lenye utomvu mwingi. Ubao ukakwama kwenye magurudumu ya kupokelea, na glavu ya Haule ikabanwa chini yake, mkono ukiwa ndani. Haule akainua mkono wake wa pili, akakunja ngumi. Sisi wote tuliojifunza kwa Alhaji tunajua ngumi juu maana yake ni simama. Sanga akamwona vizuri, akamtazama usoni kabisa, akasukuma toroli.

Msumeno ulikatika kwa mlio ambao madereva waliokuwa barabarani walidhani ni tairi. Haule aliwahi kuuchomoa mkono, lakini haukutoka salama. Tulimpeleka hospitali mkono ukiwa umefungwa kanga ya Edina, na daktari akashona kwa uvumilivu mpaka akasema vidole vyote vitabaki, viwili vikiwa vigumu kwa muda. Tulimshukuru Mungu palepale kwenye korido, kila mtu kwa dini yake.

Uwanjani maneno yalikuwa yameshapikwa. Wa kwanza alisema Sanga alikuwa amelewa ulanzi. Wa pili alisema hapana, ni chuki, kwa sababu ya utani wa Haule wa kila siku. Niseme ukweli: Sanga alikuwa mnywaji wa ulanzi, na msimu wa kugema mianzi ulikuwa wenyewe. Lakini nilikuwa nimesimama naye asubuhi ile tukinywa uji, na alikuwa ananuka moshi na mafuta ya mashine, basi. Nilimkuta amekaa nyuma ya stoo, kofia mkononi.

"Sanga, ulimwona Haule?"

"Nilimwona, Mama."

"Uliona mkono wake?"

"Niliuona. Ndiyo maana nikasukuma."

Nikadhani sikumsikia vizuri. Nikamwuliza tena, akajibu vilevile, na machozi yakaanza kumtoka. "Mimi si mtu wa kumkata mwenzangu," akasema. "Aliniita, nikasukuma. Sasa wanasema nimelewa. Watoto wangu wataambiwa baba yao alifukuzwa kwa kukata mtu akiwa mlevi. Kijijini huko neno hilo haliishi."

Alhaji alikuwa ameshaamua. Alikuwa ofisini, amevua kofia, kitu ambacho hukifanya akiwa amekasirika sana au anatawadha. "Sanga aondoke leo. Mlevi sina kazi naye."

"Hakulewa. Nilikunywa naye uji."

"Basi ni mbaya zaidi! Mtu mzima, ana akili zake, mwenzake anamwambia simama, yeye anasukuma!"

"Alhaji, amesema aliitwa asukume."

"Ameitwa na nani? Na shetani?"

"Nipe kesho asubuhi. Mashine imezimwa, kila mtu uwanjani. Baada ya hapo ukimfukuza, nitanyamaza."

Akainua kidole. Nikajua linalokuja. "Mama Mgaya, semina..."

"Si semina. Hakuna pilau."

Akacheka bila kutaka, na mtu akishacheka ni vigumu kurudi kwenye hasira yote. "Mtu ana miaka yote hiyo kwenye msumeno," akasema, safari hii polepole, "unataka nimfundishe nini?"

Nilikuwa na mashaka tu. Jioni nilipokuwa nabandika ugali nilijikuta nageuka kumwuliza Mgaya, kama nilivyozoea, na jikoni hapakuwa na mtu. Nikasonga ugali wangu.

Asubuhi malori mawili yalikuwa yanasubiri mzigo, madereva wakilalamika kwamba Dar es Salaam haiji yenyewe. Alhaji akawaambia wakanywe chai. Haule naye alikuja, mkono umefungwa bandeji kubwa kama mkate. Nilimwambia angepumzika nyumbani, akajibu, "Nije nimwone huyu Mkinga anavyojitetea. Kwetu husema ukipeana mkono na Mkinga hesabu vidole. Nilidhani ni utani!" Watu wakacheka kwa wasiwasi. Sanga hakucheka.

Nikawapanga kwenye duara, wasukumaji, wapokeaji, wapanga mbao, wabebaji, wote. Nikawaambia wafumbe macho. "Nikisema neno, kila mtu alionyeshe kwa mkono, kama vile mashine inanguruma na mwenzako yuko mbali. Msifumbue mpaka niwaambie. Haya: simama!"

Mikono ikaenda juu.

"Fumbueni. Msishushe."

Jamani. Waliojifunza kwetu walikuwa wamekunja ngumi. Wabebaji waliotoka kwenye mashamba ya chai walikuwa wamenyoosha viganja. Mmoja aliyetoka Wanging'ombe alikuwa anapunga mkono chini kama anafukuza kuku. Edina alikuwa ameshika kiuno, akasema nyumbani kwake hiyo inatosha kumsimamisha mtu yeyote. Na Sanga alikuwa amenyoosha mikono yote miwili pembeni, kama mtu aliyesulubiwa.

Nikamwambia, "Sanga, sasa tuonyeshe 'sukuma'."

Akashusha mikono, akainua mmoja, akakunja ngumi.

Nikamwuliza kwa nini ngumi.

"Porini kwenye dingdong," akasema, "mpokeaji akishaushika ubao barabara anakunja ngumi. Maana yake nimeshika, lete. Akiwa hajakunja ngumi husukumi, utamwumiza."

Haule alikuwa anamtazama. Akaitazama bandeji yake, akamtazama tena. "Kwa hiyo mimi nilikuwa nakuambia lete."

"Ulikuwa unaniambia lete, kaka. Tena uliniambia kwa nguvu."

Haule akakaa kwenye gogo. Alianza kucheka, kile kicheko cha mtu ambaye jana alikaribia kulia, na sisi tukamfuata mmoja mmoja. Alhaji peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mrundo wa mbao, mkono wake umeegemea pale.

"Na wewe, Alhaji?" Edina akamchokoza. "Macho ulifumba?"

"Nilifumba."

"Ulionyesha nini?"

Akaugonga ubao kwa kiganja mara mbili, kwa aibu kidogo. Dereva mmoja aliyekuwa amerudi na kikombe chake cha chai akadakia, "Aa, Alhaji! Mara mbili ni twende! Mara moja ndiyo simama!"

"Kwenye lori letu mara mbili ilikuwa simama."

"Lori gani hilo? Mlifikaje?"

"Tulifika!" Alhaji akasema kwa sauti, halafu akaanza kutabasamu mwenyewe. "Ila mara moja tulimwacha tajiri Dodoma anachimba dawa. Aliposhuka aligonga bodi mara moja. Nikadhani anasema twende."

Sasa ndipo duara lilipovunjika kwa kicheko. Lilipotulia, Alhaji akauliza swali alilotakiwa kuuliza siku ile aliyomshika Sanga bega, na ambalo mimi pia nilitakiwa kuuliza: "Hivi hizi alama, ni nani aliwafundisha?"

Jibu lilikuwa wazi. Waliojifunzia hapa waliigana, na kila mzoefu alikuja na yake kutoka alikotoka. Mgeni asiyejua kitu tulimfundisha juma zima, maana hakuwa na alama yoyote. Mzoefu tulimwachia mashine saa ile ile, na yeye ndiye aliyekuwa na alama nyingine mkononi. Hilo ndilo tundu la kipimo changu. Nilikuwa nauliza kama mtu anaweza kazi. Sikuwa nauliza kama anaiweza pamoja na sisi.

"Sanga anabaki," Alhaji akasema. "Na mashine haiwashwi mpaka mkubaliane alama moja."

"Na mzigo?" dereva akauliza.

"Mzigo hauna vidole. Usubiri."

Kukubaliana kulituchukua muda mrefu kuliko kupasua mzigo wenyewe. Ngumi ilikataliwa na wote wawili, Sanga na Haule, kwa sauti moja. Kiganja kilikataliwa kwa sababu watu husalimiana hivyo kutwa. Mikono miwili pembeni Haule aliikataa: "Mkono mmoja ukiwa umebanwa, nanyoosha upi? Iwe ya mkono mmoja. Na iwe juu, chini kuna vumbi. Tena iwe kitu ambacho mtu hafanyi kwa bahati mbaya." Akafikiri, halafu akauweka mkono wake mzima juu ya utosi. "Hivi."

Edina akashtuka. "Toa mkono kichwani! Unamlilia nani?"

Wengine nao wakaguna. Mnajua wenyewe, kwetu mtoto akiweka mkono kichwani anapigwa kofi, maana anaita msiba. Haule akaushusha haraka. Halafu nikaona kwamba hawanitazami, kila mtu amepata kitu cha kutazama chini. Mwaka ulikuwa haujaisha tangu wote waliokuwa pale wamsindikize Mgaya, na waliniona nilivyokuwa siku ile, na mikono yangu ilipokuwa.

Nikasema, "Mwacheni Haule aendelee."

"Mama, samahani, sikufikiri," Haule akasema.

"Umefikiri vizuri. Kuna mtu hapa amewahi kuweka mkono kichwani kwa mchezo?" Hakuna. "Kuna mtu anaweza kumwona mwenzake ameweka mkono kichwani, asigeuke?" Hakuna. "Basi hiyo ndiyo simama. Msiba uwe wa mashine, si wa watu."

Edina alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema vumbi la mbao siku hizi limezidi. Alhaji akasema amina, nasi tukasema amina.

Toka hapo hakuna aliyegusa mashine kwa Alhaji kabla hajasimama asubuhi nzima na wenzake, mashine imezimwa, wakionyeshana mikono. Mgeni alisimama, na mwenye uzoefu wa maisha yote alisimama. Mtu akihamishwa kutoka kwenye mrundo kwenda kwenye toroli, hatua chache tu, alisimama upya. Ikija mashine mpya, tulisimama wote. Hatukula pilau wala kupewa cheti. Tumaini, ukiniuliza mwajiri anadaiwa mafunzo lini, nitakujibu hivyo: kila mtu anapobadilisha wa kusimama naye. Mengine mpime mtu kwanza, pengine anahitaji mkaa.

Haule alirudi kazini bandeji ilipotoka, vidole viwili bado vigumu. Hakuomba upande mwingine. Sanga alimkuta ameshasimama mahali pake, wakasalimiana kwa kichwa tu. Mashine ikawashwa. Gogo la kwanza likapita vizuri, la pili likapita vizuri. La tatu lilikuwa katikati ya msumeno, linakwenda sawasawa, wakati Haule alipouinua mkono wake, akauweka kichwani.

Sanga alizima mashine kabla mkono haujatulia. Toroli likasimama. Wabebaji wakasimama. Kule kwenye mirundo akina mama waliacha mbao na kuja mbio, Edina mbele, na Alhaji akatoka ofisini mguu mmoja hauna kiatu.

"Nani amekufa?" Edina akapiga kelele, maana masikio yake bado yalikuwa na mngurumo wa mashine. "Haule! Nani amekufa?"

Haule alikuwa amesimama palepale, mikono yake mizima, mmoja bado kichwani, akimtazama Sanga upande wa pili wa msumeno.

"Hakuna," akasema. "Nilitaka kujua kama tunaelewana. Hakuna aliyekufa."